Je, Wajua? Ghala la Shayiri, Mabasi ya Jeshi na Baki la Hesabu

Je, wajua kwamba mafumbo ya kugawanya yana umri wa miaka 4,500 hivi? Katika mji wa kale wa Shuruppak, kusini mwa Iraki ya leo, vilifukuliwa vibao vya udongo vyenye swali hili: ghala limejaa shayiri, kila mtu apewe sila 7, je, watapata watu wangapi? Sila ni kipimo cha ujazo kinachokaribia lita moja, na ghala la kwenye swali lilikuwa na sila 1,152,000. Jibu lililochorwa kwenye udongo ni watu 164,571. Mwandishi hakuishia hapo. Aliongeza kwamba sila 3 zimesalia. Hakiki kwa kuzidisha: 164,571 mara 7 ni 1,151,997, ongeza zile 3, ghala linatimia. Kibao cha pili chenye swali lilelile kina jibu lililokosewa.

Na kwa nini 7? Watu wa Mesopotamia, nchi ya kale ulimokuwa mji huo, walihesabu kwa mafungu ya 60, na 60 inagawanyika kwa 1, 2, 3, 4, 5 na 6 bila kubakisha kitu. 7 ndiyo namba ya kwanza inayogoma. Mtunzi wa swali lile alijua vizuri mahali pa kumbana mwanafunzi wake.

Je, wajua kwamba 60 ina vigawanyo 12? Ni 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na 60. Ndiyo maana robo saa, theluthi ya saa na hata sehemu ya kumi ya saa hutoka dakika kamili.

Je, wajua kwamba kugawanya kuna habari mbili tofauti, ingawa tarakimu ni zilezile? Chukua machungwa 24. Ukiambiwa uwagawie watoto sita, unatafuta kila mtoto atapata mangapi. Ukiambiwa uyapange sita sita, unatafuta mafungu mangapi yatapatikana. Kote jibu ni 4, lakini mara ya kwanza ni machungwa 4 na mara ya pili ni mafungu 4. Mtoto anayeandika "4" peke yake amemaliza hesabu, ila fumbo hajalifumbua. Mwambie aandike ni 4 ya nini.

Swali la Shuruppak, kwa taarifa yako, ni la aina ya pili. Kipimo cha kila mtu kilijulikana, na idadi ya watu ndiyo iliyotafutwa.

Je, wajua kwamba katika jedwali lote la kuzidisha, kuanzia 1 mara 1 hadi 10 mara 10, mambo ya kukariri hasa ni 21 tu? Jedwali lina visanduku 100. Kwa kuwa 3 mara 8 ni sawa na 8 mara 3, visanduku 45 ni marudio, zinabaki hesabu 55. Ondoa za 1 na za 10, ambazo hazimsumbui mtu, zinabaki 36. Ondoa za 2 na za 5, ambazo mtoto huzishika mapema kwa kuhesabu mbili mbili na tano tano, zinabaki 21. Kila moja ya hizo 21 inabeba na kugawanya kwake: anayejua kwamba 7 mara 8 ni 56 tayari anajua kwamba 56 kwa 7 ni 8 na 56 kwa 8 ni 7. Kumkaririsha mtoto jedwali la kugawanya kana kwamba ni somo jipya ni kumtwisha mzigo aliokwisha kuutua.

Na aliyesahau jedwali? Wamisri wa kale waligawanya bila jedwali la kuzidisha, hasa kwa kuzidisha kwa mbili. Tuseme ni 91 kwa 7. Anza na 7, kisha irudufishe: 14, 28, 56. Sasa tafuta zipi zikijumlishwa zinafika 91. Ni 56, 28 na 7. Hiyo 56 ni saba nane, 28 ni saba nne, na 7 ni saba moja. Nane, nne na moja ni 13, basi 91 kwa 7 ni 13. Mjaribishie mtoto wa darasa la nne aliyekwama.

Je, wajua kwamba mafumbo sita ya mwanzo katika mafunjo maarufu ya hesabu ya Misri yanahusu mikate? Mafunjo hayo yalinakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, yakanunuliwa na Mskoti Alexander Henry Rhind mwaka 1858 huko Luxor, na leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Watu ni 10 daima. Mikate ni 1, 2, 6, 7, 8, kisha 9. Sisi tungesema mikate 6 kwa watu 10 ni 0.6 kila mmoja, tukafunga daftari. Lakini hebu kata sita ya kumi ya mkate mbele ya watu wenye njaa! Jibu la Ahmes ni nusu na sehemu ya kumi: mikate mitano inakatwa nusu nusu, zinapatikana nusu 10, na mkate wa sita unakatwa vipande 10. Kila mtu anashika nusu moja na kipande kimoja, na hakuna wa kunung'unika kwamba cha mwenzake ni kikubwa. Kwa maoni yangu hilo ni jibu bora kuliko 0.6, kwa sababu limefika hadi mkononi mwa mwenye kula.

Fumbo la 65 katika mafunjo hayohayo linagawa mikate 100 kwa watu 10, ila baharia, msimamizi na bawabu wapate mara mbili ya wengine. Ukigawanya 100 kwa 10 umekosa. Watatu wenye mafungu mawili mawili ni mafungu 6, saba waliobaki ni mafungu 7, jumla 13. Unagawanya kwa 13, namba ambayo haijatajwa popote kwenye swali.

Je, wajua kuhusu mabasi ya jeshi? Hili nalipa nafasi, kwa kuwa sijui mfano mwingine unaoonyesha ugonjwa wa mafumbo wazi kiasi hiki. Katika tathmini ya kitaifa ya elimu nchini Marekani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa hivi: basi moja la jeshi linabeba wanajeshi 36, wanajeshi 1,128 wanasafirishwa kwenda mazoezini, yanahitajika mabasi mangapi? Wanafunzi 70 hivi kati ya kila 100 waligawanya bila kosa: 1,128 kwa 36 ni 31, baki 12. Hesabu waliiweza. Lakini 29 kati ya kila 100 wakajibu kwamba yanahitajika mabasi "31 baki 12". Wengine 18 wakaandika 31, wakawaacha wanajeshi 12 kambini. Walioandika 32 walikuwa 23 tu.

Soma tena namba hizo. Shida ya watoto wale haikuwa jedwali la kuzidisha. Walichota namba mbili kwenye habari, wakazigawanya, wakaandika kilichotoka, bila kurudi barabarani kuona kama kuna basi linaloitwa "baki 12". Sisi huku nasi tunawafundisha watoto wetu hivyo hivyo tunapotia alama ya vema kwenye tarakimu na kutosoma sentensi.

Je, wajua kwamba baki lina njia zaidi ya moja, na ni habari ndiyo inayochagua? Watu 50 wanakwenda harusini kwa matatu za abiria 14. 50 kwa 14 ni 3 baki 8, na wale wanane hawatakwenda kwa miguu, basi matatu ni 4: jibu limepanda. Fundi cherehani ana kitambaa cha yadi 20, na gauni moja linakula yadi 3. 20 kwa 3 ni 6 baki 2. Magauni ni 6, na zile yadi mbili ni za viraka na mifuko: jibu limeshuka. Lita 9 za mafuta ya kula wakigawana majirani wawili, kila mmoja anaondoka na lita 4 na nusu: baki limegawanywa. Na ukiuliza siku 100 baada ya Jumatatu itakuwa siku gani, 100 kwa 7 ni 14 baki 2, na hapo wiki 14 hazina kazi tena. Unahesabu siku mbili tu, unafika Jumatano. Baki ndilo jibu lenyewe.

Kwa njia hiyohiyo, 365 kwa 7 ni 52 baki 1. Ndiyo maana siku yako ya kuzaliwa ikiangukia Ijumaa mwaka huu, mwakani itaangukia Jumamosi, isipokuwa Februari 29 imepita katikati.

Je, wajua kwamba mchezaji bao hodari anaishi kwa baki? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kujifunza kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32, basi kila shimo linaanza na kete 2. Ukitawanya kete 16 kuanzia shimo linalofuata, ya mwisho inaangukia shimo ulilochotea. Ukitawanya 19, umezunguka mara moja na kupita mashimo matatu. Wazee wa barazani hufanya hesabu hiyo kwa jicho, kabla mkono haujagusa kete.

Je, wajua ni swali gani la kugawanya ambalo kukosea kwake kunaweza kumrudisha mtu kitandani? Lile la dawa. Chukua dawa mseto ya malaria, ile ya ALu. Pakiti zake ni za vidonge 6, 12, 18 au 24, kufuatana na uzito wa mgonjwa: 6 ni za watoto wa kilo 5 hadi 14, na 24 ni za wenye kilo 35 na kuendelea. Zote hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, yaani dozi 6. Sasa gawanya kila pakiti kwa 6: inatoka kidonge 1, 2, 3 au 4 kwa kila dozi. Mtengenezaji ameipanga pakiti nzima juu ya jedwali la sita.

Fumbo lenyewe ni hili. Mtu mzima amepewa vidonge 24, anakunywa vinne vinne. Dozi ya pili aliinywa saa nane baada ya ile ya kwanza, kama alivyoelekezwa, kisha akanywa moja asubuhi ya siku ya pili. Homa imeshuka, anajisikia mzima, anataka kuviweka vilivyobaki kabatini mpaka siku nyingine. Amekunywa dozi 3, vidonge 12. Vimebaki 12, na 12 kwa 4 ni dozi 3. Anachotaka kukifungia kabatini ni nusu nzima ya tiba. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kumwonyesha hilo baba yake kwa kuhesabu vidonge kwenye pakiti, na ningependa kila mtoto wa darasa la tatu aweze.

Je, wajua ushauri wa kusoma kurasa nne baada ya kila sala mwezi wa Ramadhani umetoka wapi? Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. 604 kwa siku 30 ni 20 baki 4, na kurasa 20 kwa sala 5 ni kurasa 4. Zile 4 zilizobaki ni za nyongeza ya siku moja. Lakini mwezi ukiandama baada ya siku 29, mambo yanabadilika: 29 mara 20 ni 580, na umebakiwa na kurasa 24. Mwenye kutaka kukhitimu kwa uhakika agawanye kwa 29 tangu mwanzo, asome kurasa 21 kwa siku.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya kitabu cha aljebra cha Al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad karibu mwaka 820, ni maswali ya mirathi na wasia? Elimu hiyo ilikuzwa na haja ya kugawa mali kwa haki. Na hapa kuna fumbo moja linalojulikana sana kwa wanazuoni wa mirathi. Mwanamume amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni (sehemu ya nane), mabinti wana theluthi mbili, baba ana sudusi (sehemu ya sita), mama ana sudusi. Tafuta namba inayogawanyika kwa 8, 3 na 6: ni 24. Sasa ni jedwali la darasani tu. 24 kwa 8 ni 3, hilo la mke. 24 kwa 3 ni 8, theluthi mbili ni 16, hilo la mabinti. 24 kwa 6 ni 4 la baba na 4 la mama. Jumlisha: 3, 16, 4 na 4 ni 27. Mali ina mafungu 24, na haki za watu ni mafungu 27!

Inapokewa kwamba Sayyidna Ali, khalifa wa nne wa Waislamu, aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani sehemu ya tisa. Njia ni kuigawa mali mafungu 27 badala ya 24, kila mtu abaki na idadi yake ya mafungu, na upungufu uwaguse wote kwa uwiano. Kama urithi ni shilingi milioni 27, mke anapata milioni 3, kila binti milioni 8, baba milioni 4 na mama milioni 4. Na 27 kwa 3 ni 9, kama alivyosema. Mtu aliyetenda hivyo bila karatasi, mbele ya hadhara, alikuwa amelishika jedwali lake barabara, lakini zaidi ya hapo aliijua habari iliyokuwa nyuma ya tarakimu.

Hadithi ya ngamia 17 waliorithiwa na ndugu watatu wengi mmeisikia: nusu ya mkubwa, theluthi ya wa kati, sehemu ya tisa ya mdogo, na mzee aliyeazima ngamia wake mmoja wakawa 18. Zikatoka 9, 6 na 2, ambazo ni 17, mzee akaondoka na ngamia wake. Siri ni kwamba nusu, theluthi na tusui zikijumlishwa hazitimii moja kamili. Zinafika 17 juu ya 18.

Je, wajua kwamba alama ya ÷ kwa maana ya kugawanya ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1659 katika kitabu cha Mswisi Johann Heinrich Rahn? Mjerumani Leibniz yeye alichagua nukta mbili, mwaka 1684, na Wajerumani wanazitumia hadi leo.

Je, wajua kwamba meli ya kivita iliwahi kusimama baharini kwa sababu ya kugawanya kwa sifuri? Septemba 1997, baharia wa USS Yorktown ya Marekani aliingiza sifuri mahali pasipostahili katika kompyuta. Programu ikajaribu kugawanya kwa hiyo sifuri, mtambo ukalemaa, na meli ikakosa mwendo kwa zaidi ya saa mbili. Ukitaka mtoto aelewe kwa nini haiwezekani, usimwambie "ni marufuku". Mpe habari: una machungwa 12, kila mtoto apewe 0, utawagawia watoto wangapi mpaka machungwa yaishe? Atajaribu, atacheka, ataelewa.

Je, wajua kuhusu umri wa nahodha? Huko Grenoble, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali: melini mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri. Katika swali la kundi moja na hilo, mchungaji ana kondoo 125 na mbwa 5, naye ana umri gani? Mwanafunzi mmoja alieleza kwamba kujumlisha kunatoa umri mkubwa mno, kutoa nako vivyo hivyo, lakini kugawanya kunaleta 25, umri unaomfaa mchungaji. Akili anayo, tena nyingi. Amefundishwa tu kwamba kila swali la hesabu lazima litoe namba.

Na tusiwadanganye kwa maneno ya ishara. Wapo wanaowaambia watoto kwamba wakiona "kila" wagawanye. Kila mtoto ana maembe 6, watoto ni 4, maembe ni mangapi? "Kila" lipo, na hesabu ni ya kuzidisha.

Mhangaria George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua maswali, aliweka hatua nne: elewa swali, panga njia, tekeleza, kisha geuka nyuma uliangalie jibu. Wale watoto wa mabasi waliruka ya mwisho.

Sasa zamu yako, msomaji, pamoja na mtoto aliye karibu nawe. Kuna kreti 7 za soda, kila kreti chupa 24. Wageni ni 50, na kila mmoja atakunywa chupa 3. Je, zatosha, na wageni wangapi zaidi wanaweza kuja bila kualikwa? Kabla ya kushika kalamu, mwache mtoto akusimulie habari hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Chupa zote ni 168. 168 kwa 3 ni 56. Wageni 6 zaidi wanakaribishwa, na kila mmoja atapata chupa zake tatu kamili.